Mzee Asiketishwe: Ushauri kwa Wanaoishi na Mwenye Kisukari Kutulo

Kaskazini mashariki mwa Kenya, mtu mzima huheshimiwa kwa kuketishwa. Akishapimwa akaambiwa ana sukari, heshima hiyo huzidi. Mjukuu anamletea maji ya udhu alipo, binti anamletea chai mkekani, kijana anatumwa dukani kwa niaba yake, na bodaboda inaitwa impeleke kwenye msikiti ambao minara yake anaiona kutoka mlangoni kwake. "Adeer (ami), wewe kaa tu, tutakuletea." Nia ni njema kabisa. Lakini kila kinacholetwa ni safari fupi ambayo miguu yake haikwenda, na safari hizo fupi zikijumlishwa kwa siku, ndiyo dawa yenyewe anayonyimwa.

Nawaandikia hasa ninyi mnaoishi naye: mke au mume, watoto, majirani, mhudumu wa afya ya jamii, imamu wa msikiti wa mtaani. Mgonjwa mwenyewe keshaambiwa mara nyingi "fanya mazoezi". Ameitikia kwa kichwa mbele ya daktari, akachukua vidonge vyake, akarudi nyumbani kuketi. Si mkaidi. Neno "mazoezi" likisemwa Kutulo halina pa kutua. Hakuna jimu, hakuna bustani ya kutembelea, na mama wa miaka 55 aliyevaa jilbab hatakimbia kando ya barabara ya Wajir kwenda Elwak huku malori yakimpigia honi. Mzee akisikia mazoezi, anawaona vijana wakicheza mpira jioni vumbini, anacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Basi liwekeni kando neno hilo kwa muda. Mrudishieni shughuli.

Nasema mrudishieni kwa sababu alikuwa nazo. Kutulo iko njiani kati ya mji wa Wajir na Elwak, mahali ambapo kaunti za Wajir na Mandera zinapakana, na watu wengi wenye umri wa miaka hamsini na zaidi wanaoishi humo leo walikulia nyuma ya ngamia na mbuzi. Muulize mzee yeyote alikuwa akitembea umbali gani kutoka malishoni hadi kisimani wakati wa kiangazi, na kama alipanda chochote. Mama zao walijenga na kubomoa nyumba kwa mikono yao kila familia ilipohama, wakapakia miti na mikeka juu ya ngamia, wakatembea, wakaijenga tena. Hakuna aliyeita kazi hiyo mazoezi, na hakuna aliyehitaji kuiita hivyo.

Kisha mifugo ikapungua. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulikuja na misimu mitano ya mvua iliyofuatana bila mvua ya maana, na familia nyingi zilizobaki bila mnyama wa kumfuata zikasogea kando ya barabara, karibu na maji ya boza na chakula cha msaada. Mambo mawili yakabadilika kwa pamoja. Chakula kikawa wali, pasta, unga wa ngano, mafuta na sukari nyingi ndani ya chai, mahali pa maziwa na nyama. Na miguu ikapumzika. Mwili uliozoea kutumia kila ulichokipata ukaanza kupata zaidi na kutumia kidogo. Anayetafuta jini au jicho la hasidi nyuma ya kisukari cha mama yake angetazama kwanza kikombe cha chai na mkeka.

Kinachofanywa na kutembea si siri kubwa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, insulini mwilini huwa ipo lakini misuli haiitikii sawasawa, kwa hiyo sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Msuli unapofanya kazi huivuta sukari hiyo kwa njia yake nyingine, isiyongoja insulini. Baada ya kusimama, msuli hubaki ukiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, wakati mwingine hadi siku ya pili. Baada ya hapo athari huisha. Ndiyo maana wataalamu wanashauri zisipite siku mbili mfululizo bila mgonjwa kuushughulisha mwili wake. Kutembea sana Ijumaa na kuketi hadi Ijumaa nyingine hakumsaidii.

Kiasi chenyewe, Shirika la Afya Duniani lilikitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwongozo huo uliondoa pia sharti la zamani kwamba kila kipande cha mazoezi kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe. Sasa kila hatua inahesabiwa. Kwa mzee wa Kutulo hiyo ni habari njema kuliko dawa mpya yoyote, maana dakika tano za kwenda kumwona jirani na tano za kurudi zimeingia kwenye hesabu.

Tena kuna wakati ambao hatua hizo zina nguvu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago mjini Dunedin, New Zealand, walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu wazima 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa kipindi kimoja waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku saa yoyote wanayotaka, na kwa kipindi kingine watembee dakika kumi tu baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ni ileile. Lakini walipotembea baada ya kula, sukari iliyopanda kutokana na mlo ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa wastani, na baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22. Wenyewe walieleza kwamba jioni ndipo watu walipokula wanga mwingi na kuketi zaidi. Nani hapa hajioni katika maelezo hayo? Sahani ya wali au pasta usiku, chai ya maziwa yenye iliki na vijiko vinne vya sukari, kisha mto chini ya kiwiko na hadithi hadi usingizi.

Kwa hiyo kama familia itabadilisha jambo moja tu, ibadilishe usiku. Kutoka magharibi hadi isha ni kama saa moja na robo. Chakula kikitengwa mara tu baada ya magharibi, mzee atakuwa amemaliza kula na bado ana muda wa kwenda isha kwa miguu, na si kwa njia ya mkato. Apitie upande wa soko, azunguke, amsalimie mtu. Kijana mmoja wa nyumbani aende naye akiwa na tochi. Kwa mama ambaye haendi msikitini, saa hiyohiyo iwe ya kwenda kwa dada yake au kwa jirani wa nyumba ya tatu, au kuzunguka ndani ya ua wake mwenyewe akiongea na simu. Ua wa kawaida wenye nyumba mbili na jiko unatosha kabisa kwa dakika kumi. Hakuna anayemwona, hakuna wa kumsema.

Asubuhi ni baada ya alfajiri, kabla jua halijakaza. Hapa ndipo matembezi marefu yakae, dakika ishirini au thelathini, kwa sababu joto la mchana katika nchi hii hupita nyuzi 35 bila shida. Anayetumia dawa za kuteremsha sukari asitoke na tumbo tupu kabisa. Nitalirudia jambo hili. Mchana, baada ya chakula cha adhuhuri, simwambii mtu atoke juani. Asimame tu. Apange vyombo, atembee barazani penye kivuli, aende mwenyewe kuchukua maji ya udhu wa alasiri. Kusimama na kusogea dakika chache kila baada ya nusu saa ya kuketi kunasaidia kwa namna yake, hata kwa mtu aliyekwisha kutembea asubuhi.

Kuhusu misuli, msitafute vyuma. Watu wetu huketi chini, na kuinuka kutoka mkekani ni kazi ambayo wazee wa nchi za viti wameshaisahau. Mzee ainuke bila kushika ukuta wala bega la mjukuu, akae tena, ainuke tena, mara tano, apumzike, halafu mara tano nyingine. Magoti yakiuma, aanze na kiti au kitanda. Mama abebe mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, badala ya kungoja punda au kijana wa mkokoteni alete wote. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na hapo naweka mpaka: mwenye macho yaliyokwisha kuharibiwa na kisukari, au presha isiyotulia, asibebe mzigo wa kumfanya abane pumzi na kukaza uso, mpaka aonane na daktari. Presha ya ghafla inaweza kupasua mishipa midogo ya jicho.

Sasa miguu, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo. Mgonjwa anaweza kukanyaga mwiba asubuhi na kuugundua usiku kwa kuona damu kwenye mkeka. Na miiba ya kwetu si ya mchezo. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umeteka kingo za barabara na laga (mikondo mikavu ya mito) kuanzia Garissa, una mwiba unaotoboa ndala za plastiki kwa urahisi kama unavyotoboa tairi la baiskeli, na jeraha lake huvimba na kutunga usaha. Mchanga wa saa nane mchana nao huunguza nyayo zisizohisi. Kidonda kidogo cha namna hiyo, kikipuuzwa wiki mbili, ndicho kinachopeleka watu Garissa au Nairobi kukatwa mguu.

Kwa hiyo kiatu kwanza, matembezi baadaye. Viatu vya raba vilivyofungwa mbele, vyenye soli nene na nafasi ya vidole, hata vya mtumba, ni bora kuliko ndala za plastiki au akala zinazoacha vidole wazi. Avae soksi, ikiwezekana za rangi nyeupe, damu au usaha vionekane mapema. Kabla ya kuvaa, akung'ute kiatu na kupitisha mkono ndani; kokoto na nge huwa havina adabu. Asitembee peku hata ndani ya ua, na akivua viatu msikitini ahakikishe njia kutoka mlangoni hadi kwenye zulia haijaungua kwa jua.

Muislamu ana fursa ambayo madaktari wa miguu wa nchi nyingine wanaitamani: huosha miguu mara kadhaa kwa siku. Wakati wa udhu apitishe vidole kati ya vidole vya miguu, ageuze unyayo autazame, na kama macho hayafiki au hayaoni, mjukuu amtazamie. Maji yasiwe ya moto. Akimaliza afute kati ya vidole hadi pakauke, kwa sababu unyevu wa hapo huleta fangasi na mipasuko. Akiona lengelenge, mpasuko, weusi au uvimbe, siku hiyo haendi matembezi, anakwenda zahanati. Asipakwe majivu, asichomwe moto, asisubiri Ijumaa. Na mwenye kidonda kwenye unyayo bado anaweza kuushughulisha mwili: anyanyue chupa za maji akiwa ameketi, anyooshe na kukunja miguu kitandani.

Jambo la pili la hatari ni sukari kushuka. Hapa lazima mjue dawa aliyoandikiwa. Anayetumia metformin peke yake ni nadra sana kushukiwa na sukari kwa ajili ya kutembea. Anayetumia glibenclamide, gliclazide au insulini anaweza kushukiwa, hasa akitembea kabla ya kula, akirefusha mwendo ghafla, au akitembea saa ambayo dawa ina nguvu. Kama mna mashine ya kupimia, na zetu nyingi husoma kwa namba ndogo kama 5 au 12, mpimeni kabla ya kutoka. Anayetumia insulini au vidonge hivyo viwili, ikisoma chini ya 5, ale kitu kwanza: kipande cha anjera, ndizi, tende mbili. Ikisoma juu ya 14 na anajisikia vibaya, anatapika au anapumua kwa kasi, asitembee kabisa. Anywe maji na apelekwe hospitali.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, jasho, maneno kuchanganyika, hasira isiyo na sababu. Katika joto la Kutulo jasho humdanganya mtu, kwa sababu kila anayetembea hutoka jasho. Tazameni mikono na akili: mzee anayetetemeka na kujibu maswali ovyo si mchovu wa jua. Aketi hapohapo, apewe vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, na baada ya dakika 15 apimwe tena au aangaliwe kama amepata nafuu. Kama bado, apewe tena. Akitengemaa, ale chakula cha kawaida. Maziwa na chapati huchelewa, vije baadaye. Aliyezirai asimwagiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali mbio. Na anayetoka kutembea awe na sukari au peremende mfukoni, simu, na mtu anayejua ameelekea wapi.

Kwa anayejidunga insulini kabla ya kutoka, tumbo ni mahali salama zaidi pa kudunga kuliko paja, kwa sababu paja linalofanya kazi hufyonza dawa upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kuhusu kuihifadhi, wengi wasio na friji wamekuwa wakiamini kwamba nyumbani kwao insulini haiwezi kukaa. Kwenye kambi ya Dagahaley huko Dadaab, kaunti ya Garissa, wagonjwa walilazimika kufika hospitali kila siku kudungwa kwa sababu hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima jinsi joto linavyopanda na kushuka ndani ya nyumba za kambi hiyo, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto hilo maabara, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Mtungi wa udongo uliolowanishwa, ukiwekwa kivulini, hupunguza joto zaidi. Jua la moja kwa moja ni jambo jingine: msimwache mzee atembee na chupa ya insulini kwenye mfuko wa shati, wala kuiacha kwenye kioo cha mbele cha gari.

Maji ya kunywa yanahitaji maneno machache tu. Sukari ikiwa juu mtu hukojoa sana, kwa hiyo anaanza matembezi akiwa tayari amepungukiwa. Anywe kabla, anywe baadaye, na chupa iwe na maji, si sharubati. Akihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukata pumzi kusiko kwa kawaida, asimame na asiendelee siku hiyo. Kifua kikiuma ni hospitali moja kwa moja, si kulala kwanza.

Kisha kuna miraa. Najua wanaume wengi wataacha kusoma hapa, lakini kikao cha mchana ndicho adui mkubwa wa kila nililoandika. Mtu huketi kutoka saa nane hadi magharibi, soda na chai ya sukari zikipita, hamu ya chakula imekatika, kisha usingizi wa usiku haupo na asubuhi ya matembezi imepotea. Mapigo ya moyo na presha vinapandishwa na miraa yenyewe, kwa hiyo kutoka kikaoni na kwenda kutembea kwa kasi ni vibaya vilevile. Aliyekula miraa bila kula chakula na huku amemeza dawa zake anajitafutia kushuka kwa sukari. Kuacha ndilo jibu. Asiyeweza kuacha leo apunguze siku, anywe maji mahali pa soda, na ainuke mkekani kila nusu saa hata kama wenzake watamcheka.

Ramadhani huuliza swali lake. Kufunga kwa mwenye kisukari ni jambo la kupanga na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na wapo ambao dini yenyewe imewapa ruhusa ya kutofunga. Kwa anayefunga, matembezi ya mchana yasitishwe, hasa saa za mwisho kabla ya futari ambapo sukari huwa chini zaidi. Miongozo ya kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani inaihesabu swala ya tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku, na inasema mfungaji afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7. Kupima damu hakufunguzi saumu. Imamu akilisema hilo mimbarini mara moja tu, litafanya kazi kuliko mabango kumi ya wizara.

Narudi kwa wanawake, kwa sababu wao ndio hubanwa zaidi. Mwanamke wa mjini ana kazi nyingi na hatua chache: jiko, watoto, kibanda cha maziwa au cha nguo ambacho huketi ndani yake siku nzima. Anachohitaji ni kisingizio kinachokubalika. Kikundi cha ayuto ni kisingizio kizuri. Wanawake kumi wanaokutana kila wiki kutoa fedha wanaweza kukubaliana wafike kwa miguu, wapitiane nyumba kwa nyumba, na kikao kihamie kila wiki nyumba ya mbali kidogo. Anayetembea na shangazi wanne baada ya alfajiri hasemwi na mtu, na wanne pamoja ni salama kuliko mmoja. Usalama si jambo dogo kwenye barabara hii. Matembezi yabaki ndani ya mji, penye watu, na kama kuna amri ya kutotoka usiku, ua wa nyumba ndio uwanja.

Na namna ya kusema. Mtoto hamwamuru baba yake. Binti anayeingia na kusema "Baba, daktari amesema utembee, inuka" atapata jibu analostahili. Amwombe msaada: "Baba, nisindikize sokoni, sitaki kudanganywa bei ya mbuzi." Mzee anayejua ngamia kuliko mtu yeyote mtaani atainuka kwa swali kuhusu ngamia, hatainuka kwa hotuba kuhusu sukari. Mpeni kazi ya kweli, kwenda kuangalia kama boza la maji limefika, kumpeleka mjukuu duksi (chuo cha Kurani) na kumrudisha, kupeleka maziwa kwa ayeyo (bibi) mgonjwa. Kazi ya kubuni ataijua na itamvunjia heshima. Aanze na dakika tano. Baada ya wiki ziwe nane. Asipoweza leo, msimkumbushe dhambi zake. Kesho mwombeni tena.

Mhudumu wa afya ya jamii ana silaha moja ambayo familia haina. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowazindua rasmi wahudumu wapatao 100,000 nchini, mkoba wao umekuwa na mashine ya kupima sukari. Itumieni kwa ushahidi. Mpime mzee saa mbili baada ya chakula cha usiku ambacho hakutembea, mwonyeshe namba. Siku nyingine, mlo uleule, atembee dakika kumi, mpime tena saa ileile. Watu wa mifugo wanaamini wanachokiona kwa macho yao, na namba mbili juu ya kipande cha karatasi humaliza ubishi ambao wiki nzima ya mawaidha haikuumaliza.

Maziwa ya ngamia, nitaulizwa. Ni chakula kizuri, na utafiti mdogo kutoka Bikaner, India, umetia watu moyo. Lakini hayajaondoa hitaji la dawa wala la kutembea, na yakichemshwa na vijiko vinne vya sukari huwa chai kama chai nyingine. Wapo pia watakaosema mgonjwa akitembea aache vidonge. Hapana. Dozi hupunguzwa na daktari akiona vipimo vimetulia kwa miezi, na hilo hutokea kwa baadhi ya wagonjwa.

La mwisho ni kwa vijana wenyewe. Mwenye baba au mama mwenye kisukari yuko hatarini zaidi ya jirani yake. Mwaka 2002 Marekani ilichapisha matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamekaribia kuugua: waliopunguza uzito kidogo na kufikisha dakika 150 za kutembea kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliomeza metformin kwa asilimia 31. Kwa hiyo leo usiku, sahani zikiondolewa, usimpigie mzee bodaboda. Vaa viatu vyako, mletee vyake, mwende isha kwa miguu.